Mama Begaim na Swali la Mikanda

Zuura alikuwa amekwisha kukamua ng'ombe. Aliweka ndoo ya maziwa karibu na jiko, akaifunika kwa kitambaa safi, akakaa kukata mkate. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye dirisha la zizi. Huko Karakol, mji wa milimani nchini Kirgizia, baridi ikishaingia haina haraka ya kuondoka.

Binti yake Begaim alikuwa kwenye kigoda akivaa soksi. Alivaa jozi ya kwanza, akavaa ya pili juu yake. Zuura akamrushia ya tatu, ile ya sufu aliyoifuma mwenyewe.

"Mama, mguu hautaingia."

"Utaingia. Buti lenyewe kubwa. Vaa."

Begaim akavaa. Alikuwa na miaka kumi na sita, na majira hayo ya baridi alikuwa anajifunza kuteleza mlimani kwa ubao wa theluji. Si skii, zile mbao mbili nyembamba za zamani, bali ubao mmoja mpana ambao mtu husimama juu yake kwa ubavu, miguu yote miwili imefungwa kwa mikanda. Vijana waliojua vizuri walichukuliwa kusaidia kufundisha watoto kule mlimani. Begaim aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote.

Kabla hajatoka, Zuura aliushika ubao, akaipima mikanda kwa mkono wake.

"Mkono wangu unapita?"

"Unapita, mama."

"Usiikaze. Umesikia? Mguu lazima uweze kutoka. Haya, bismillahi, nenda."

Kila asubuhi ilikuwa hivyo, na Begaim alijua sababu. Baba yake alifia machungani. Farasi alishtuka, yeye akaanguka, na mguu wake ukanasa kwenye kikuku cha tandiko, kile chuma cha kukanyagia. Farasi akakimbia naye. Tangu siku hiyo Zuura hakuweza kuona mguu wa mtoto wake umefungwa kwenye kitu chochote. Alimwachia aende mlimani kwa sharti hilo moja tu, mikanda iwe imelegea.

Vifaa vyenyewe alivinunua Temirkul, mdogo wa marehemu. Alivipata pembeni ya soko la mifugo la Jumapili, alikokwenda kuuza kondoo. Ubao aliupima kama alivyofundishwa shuleni kupima skii. Alimsimamisha Begaim, akamwambia anyanyue mkono juu, na ubao ukafika kiganjani. Buti alichukua lenye saizi mbili zaidi.

"Atakua nalo," alisema. "Na mahali pa soksi patakuwepo."

Zuura alimsifu. Buti la sufu nzito wanalovaa wachungaji ndivyo linavyonunuliwa, kubwa, kisha linajazwa soksi. Wote wamelelewa na mabuti hayo na vidole vyao wanavyo.

Lakini mambo hayakwenda. Jioni Begaim alirudi akichechemea. Vidole vya miguu vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na mama yake akavipasha moto mapajani mwake. Wenzake walioanza pamoja naye walikuwa wanashuka na kukata kona. Yeye alikuwa bado anaanguka pale pale juu.

"Huwaulizi wanaojua kule?" Zuura aliuliza siku moja.

"Baba mdogo amenikataza. Anasema watanicheka."

Temirkul alikuwa hapo akinywa chai. "Ndiyo, nimemkataza. Shemeji, wageni ndio wa kuuliza. Sisi tumezaliwa chini ya mlima huu. Mtoto wetu aende akaulize namna ya kuvaa buti? Tutakuwa hadithi ya mtaa."

Zuura akammiminia chai nyingine.

Siku chache baadaye Begaim aliletwa nyumbani na gari la jirani. Goti lilikuwa limevimba. Alikuwa anashuka, mguu mmoja ukachomoka kwenye mikanda, mguu mwingine ukabaki. Ubao ukazunguka na ule uliobaki.

Mganga wa zahanati aliligusa goti pande zote, akasema hakuna kilichokatika. Apumzike tu mpaka uvimbe uishe. Zuura alisema alhamdulillahi.

Usiku, alipomaliza kuswali, alikunja mkeka wake. "Imetosha, mwanangu. Ubao huu utauzwa."

Begaim hakubisha. Aligeukia ukutani tu. Zuura aliona mabega yake yanavyotikisika chini ya blanketi, naye hakupata usingizi.

Goti lilipopona, wakapanda mlimani wote watatu kwenye gari la Temirkul, kwenda kuuza. Chini ya mteremko palikuwa na duka la kukodisha vifaa. Ndani palikuwa na joto, na watu wengi wakijaribu mabuti. Mwenye zamu alikuwa mwanamke mmoja wa makamo, mfupi, aitwaye Venera. Alikuwa anamwambia mzungu mmoja kijana, "Bado hujaniuliza kitu. Hapa hatoki mtu na ubao mpaka ameuliza angalau swali moja. Ndio utaratibu wa duka hili."

Kijana akajikuna kichwa. Kisha akauliza kama ni kawaida ubavu kumuuma. Venera akacheka naye, akamjibu.

Ikafika zamu ya Zuura. "Karibu, dada. Swali lako?"

"Sina swali. Nimekuja kuuza ubao."

"Hata muuzaji huuliza. Kwa nini mnauza?"

Zuura aliutazama ubao. Akamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyesindikiza jeneza. Swali alilolificha likamtoka.

"Niambie kitu kimoja. Mtoto akianguka, mguu unatokaje kwenye mikanda hii?"

Temirkul akakohoa, akageuka kutazama dirishani. Venera hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Zuura.

"Hautoki," alisema.

Zuura akauchukua ubao. "Basi tumemaliza."

"Kaa kwanza, dada yangu. Umeuliza swali zuri kuliko yote ya leo. Nani amekufundisha kwamba mguu lazima utoke?"

Zuura akamweleza. Hakueleza mengi. Farasi, kikuku, mume. Hapo Venera akamshika mkono, akamwombea marehemu rehema.

"Kwa farasi, uko sahihi kabisa," alisema. "Mimi pia nimekua juu ya farasi. Lakini farasi ana miguu yake. Ukianguka wewe, yeye anaendelea. Ubao hauna miguu. Ukianguka wewe, nao umelala hapo hapo na wewe."

Zuura akaushusha ubao sakafuni.

"Miguu miwili ikifungwa imara kwenye ubao mmoja, inaanguka pamoja, inalindana. Hatari ni mmoja uchomoke na mwingine ubaki. Ule uliobaki unasokotwa."

"Ndivyo ilivyokuwa," Begaim alisema kutoka mlangoni. "Ndivyo goti lilivyoumia."

"Mikanda nililegeza mimi," Zuura alisema polepole.

"Ulilegeza kwa mapenzi. Leo tutakaza kwa mapenzi. Njoo, binti, vua hayo mabuti."

Begaim akavua. Venera alipoona soksi tatu, akainua nyusi. "Hapa kuna duka la soksi zima."

"Ni baridi," Zuura alisema.

"Na vidole vyake vinapata joto?"

"Hapana. Vinakuwa vyeupe."

"Kwa sababu vimebanwa. Damu ndiyo inayopasha mguu joto, na hapa damu haina njia. Buti la sufu ni la kutembea nalo zizini. Hili kazi yake ni kuushika mguu. Soksi moja tu, ndefu, ya sufu, isiyo na mikunjo. Hii ya kufumwa inafaa. Na suruali ya ndani isiingie kwenye buti."

Alileta buti la saizi ya Begaim hasa. Akamfunga kamba, akamwambia asimame wima.

"Vidole vinagusa mbele?"

"Vinagusa kidogo."

"Kunja magoti. Sasa?"

"Vimerudi nyuma. Havigusi tena."

"Inua kisigino. Kinanyanyuka ndani ya buti?"

Begaim alijaribu, akatikisa kichwa. Alikuwa anatabasamu sasa. "Kimetulia. Lile la zamani kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka."

"Ndiyo maana ulikuwa unageuza mguu na ubao hausikii. Siku mtakayotaka kununua kitu, mwanzo nunueni buti. Na msinunue la kukua nalo. Ubao utaukodi kwanza."

Temirkul akageuka kutoka dirishani. "Ubao tunao. Mzuri, wa nguvu. Nimeupima mwenyewe kwa mkono ulionyanyuliwa."

"Kaka, kipimo hicho ni cha skii za mwalimu wako wa shule. Huu ni wa mtu mzito, tena aliyekwisha kujua." Venera alimtazama tumboni. "Mtu kama wewe, siku ukijua."

Zuura akaficha mdomo kwa ncha ya kitambaa chake. Temirkul akajifanya hakusikia.

Venera akaleta ubao mfupi, ukaishia kati ya kidevu na pua ya Begaim. Akaukunja kidogo kwa magoti yake kuonyesha ulivyo laini. "Anayeanza anataka ubao unaomsamehe. Na tunatazama uzito wake kuliko urefu wake. Pia tunatazama upana, vidole visitokeze nje sana vikakwaruza theluji. Sasa nina swali mimi. Mguu gani unatangulia?"

Begaim akainua mabega. "Ubao ule ulikuwa umefungwa wa kushoto mbele. Nilifuata hivyo hivyo."

"Wa kulia," Zuura alisema.

Wote wakamtazama.

"Tangu mdogo. Uani maji yakiganda, akikimbia na kuteleza kwenye barafu, wa kulia ndio unatangulia. Wenzake wote wa kushoto, yeye peke yake wa kulia."

Venera akachukua bisibisi, akaanza kufungua vifungo vya ubao kuvigeuza. "Dada, hilo nisingelijua mimi wala kitabu chochote. Umeona? Watu wanakaa wiki nzima wakianguka kwa mguu usio wao, kwa sababu hakuna aliyeuliza."

Kisha akaleta kofia ngumu. Temirkul hakuweza kukaa kimya.

"Hiyo ni ya nini tena? Kichwa cha Mkirgizi ni kigumu."

"Mwamba ni mgumu zaidi, kaka, na hauulizi kabila." Venera alimvisha Begaim, akamwambia atikise kichwa. Kofia haikucheza. "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Ikicheza, chukua ndogo zaidi. Ikiuma, chukua kubwa zaidi. Na vikinga hivi ni vya vifundo vya mikono, maana wanaoanza huumia hapo kwanza. Ukianguka mbele, kunja ngumi, pokea kwa mikono yote mpaka kwenye kiwiko. Usitangulize kiganja. Ukianguka nyuma, kaa tu kama umechoka. Umeelewa?"

"Nimeelewa, dada Venera."

"Uliza sasa."

Begaim alifikiri. "Mikanda niikaze kiasi gani?"

Venera akampa Zuura ule mkanda wa kifundo cha mguu. "Kaza wewe, mama yake."

Zuura akaushika. Alivuta mkanda, ukalia kidogo, akasita. Begaim akasema taratibu, "Endelea, mama." Akavuta tena. Alipojaribu kupitisha mkono wake kati ya mkanda na buti, haukupita.

"Unaumia?"

"Siumii. Nimeshikwa tu."

"Hapo hapo," Venera alisema.

Wakatoka nje. Begaim akapanda juu ya mteremko mdogo wa wanaoanza. Zuura alibaki chini, mikono ndani ya mikono ya koti, midomo ikisoma dua. Temirkul alisimama pembeni yake.

Begaim akafunga mkanda wa mwisho, akainuka, akaanza kushuka. Mguu wa kulia ulikuwa mbele. Alikata kona moja, polepole. Akakata ya pili. Kwenye ya tatu ukingo wa ubao ulichimba, akaanguka.

Zuura akashika mkono wa shemeji yake.

Begaim aliteleza kidogo kwa makalio, kisha akatulia. Ubao ulikuwa miguuni pake, umelala kwenye theluji. Hakuna kilichokimbia naye. Alikaa pale, akajipangusa uso, akaangalia chini kutafuta mama yake. Kisha akainuka mwenyewe, akashuka mpaka chini.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona." Zuura akamkimbilia. Alimvuta kichwa, akaibusu ile kofia ngumu kwa sababu uso wenyewe hakuufikia.

Temirkul akamsogelea Venera aliyekuwa mlangoni. Akashusha sauti. "Samahani, dada. Mtu wa uzito wangu, akitaka kuanza, buti unasema soksi moja tu?"

"Ingia ndani, kaka," Venera alimjibu. "Hilo ni swali."

Kabla theluji haijayeyuka, Begaim alikuwa anashuka mteremko mkubwa na kurudi jioni akiwa na vidole vyekundu vyenye joto. Majira yaliyofuata walimchukua kusaidia kufundisha watoto. Mzazi akija mlangoni akisita, yeye ndiye anayemwuliza kwanza, "Mtoto wako akiteleza barafuni, mguu gani unatangulia?" Wengi wanalijua jibu, ila hawakuwahi kuambiwa kwamba lina kazi.

Zuura yeye hubaki nyumbani. Asubuhi hukamua ng'ombe, hukata mkate, humuaga binti yake langoni. Adhuhuri ikifika huswali bila haraka. Na siku nyingine, jiko likiwa na moto na chai imebaki kwenye birika, hujinyoosha kwenye godoro lake na kulala kidogo mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afiwe.