Kijana Aliyefuata Mwavuli

Yule mama wa Kinorwei aliagiza kahawa tatu, na wao walikuwa wawili.

Nunziata hakulitilia maanani. Matembezi ya faragha ndivyo yalivyo: mteja mmoja, mtembezaji mmoja, asubuhi nzima mnazunguka vichochoro vya Napoli ya kale, na ikifika saa nne miguu inadai kahawa. Totonno mwenye mgahawa ndiye aliyechangamka. "Mungu ambariki mgeni wako, Nunzia! Amemlipia kahawa na maskini atakayepita, kama desturi yetu. Ameshakuwa mtu wa hapa."

"Siyo ya maskini," alisema Bi Ingeborg kwa Kitaliano chake cha kujifunzia vitabuni. "Ni ya yule kijana."

"Kijana gani, bibi?" aliuliza Nunziata.

"Huyu anayekufuata tangu asubuhi. Ameshika mkoba wako. Nilidhani ni mwanao, anajifunza kazi."

Totonno aliacha kufuta kaunta. Nunziata aligeuka. Nyuma yake palikuwa na mlango, jua, na paka amejilaza. Ila alisikia harufu: nta ya mshumaa uliozimwa, na udongo wa chini usioonja jua. Walipoangalia kaunta, kikombe cha tatu kilikuwa kitupu, na ukingoni pamebaki vumbi jeupe lenye alama ya mdomo.

Mtu mwingine angepiga kelele. Nunziata alitabasamu, na machozi yakamlengalenga. Mnajua, kuna watu wanaogopa wafu, na kuna mama aliyefiwa. Hao ni watu wawili tofauti.

Nando alikuwa mwanawe wa pekee, miaka kumi na tisa, fundi wa kuchonga sanamu ndogo za pango la Noeli. Mwaka mmoja nyuma, asubuhi moja, Nunziata alifika kwenye uwanja wa kanisa kuwapokea wageni, akakuta amesahau mwavuli wake wa manjano. Mtembezaji bila mwavuli ni kama mchungaji bila fimbo. Wageni watafuata nini? Akampigia mwanawe simu. "Mama, wewe utasahau hata kichwa," Nando alisema akicheka, akapanda pikipiki yake. Kwenye kona ya soko la samaki gari la mizigo lilimkuta. Mwavuli ulipona, ukapinda ubavu mmoja tu. Tangu siku ile Nunziata aliubeba mwavuli huohuo, na kona ile hakuipita tena. Aliwazungusha wageni mbali, akisema kule kunanuka samaki. Na neno "amekufa" halikuwahi kutoka kinywani mwake. Alisema "Nando hayupo", kama mtu aliyekwenda dukani.

Sasa, mtaani kwao kuna kanisa dogo, na chini ya kanisa kuna chumba cha mifupa ya watu wasiojulikana, waliokufa kwa tauni na njaa za zamani. Wanawake huteremka pale wakachagua fuvu moja, wakalifuta vumbi kwa pamba, wakalitandikia kitambaa na kuliwashia mshumaa, kuiombea roho ile iliyo toharani. Nayo roho ikipata nafuu humsaidia aliyeitunza. Ni undugu wa kusaidiana, hauna ubaya wowote. Ila una sharti moja, na kila msichana hulijua kabla hajajua kupika: jina hulitoi wewe. Unangoja. Roho yenyewe itakuja ndotoni ikwambie inaitwa nani.

Nunziata hakungoja. Uchungu hauna subira. Alilichukua fuvu lililokuwa pembeni peke yake, akalipakata, akasema, "Wewe ni Nando wangu." Alipotoka nje mvua ilikuwa inanyesha, akafungua mwavuli, na kwa mazoea ya miaka na miaka akauinua juu na kusema, "Haya, nifuate."

Basi akafuatwa.

Wageni hudhani mashetani ni wa usiku. Watu wa Napoli wanajua saa yao hasa ni ile ya baada ya chakula cha mchana, jua limesimama, madirisha yamefungwa, mji mzima umelala na hata mbwa hawabweki. Saa hiyo ndiyo kiti cha chumbani kwa Nando kilipoanza kulia kana kwamba kimekaliwa. Kisha zile sanamu za Noeli, wachungaji na waoka mikate na wanawake wa kufua, zikawa zinakutwa zimegeukia ukuta. Kisha sauti, nyuma ya mlango, ya chinichini.

"Mama."

"Nipo, baba."

"Mama, mimi kitanda changu kilikuwa kipi?"

"Hicho cha dirishani. Uling'ang'ania cha dirishani ili uwaone njiwa."

"Nieleze. Nieleze habari za njiwa."

Naye akaeleza. Kueleza ndiyo kazi yake. Kila mchana alikaa sakafuni, mgongo mlangoni, akamsimulia njiwa, na jino lililong'oka kwenye mkate, na siku ya komunyo ya kwanza alipotapikia viatu vya padri. Upande wa pili kitu kile kilisikiliza, na siku hadi siku sauti yake ikazidi kuwa ya Nando, hata kile kikwaruzo cha kwenye neno "mama", hata kicheko.

Aniello, mumewe, mshonaji wa glavu za ngozi, alikuwa mtu wa maneno haba. Alisikia yote kutoka kitandani, shuka mdomoni. Siku moja wakiwa mezani alijaribu kumchangamsha mkewe. "Unakumbuka Nando na ile baiskeli nyekundu? Alivyoingia nayo dukani kwa muuza malimau?"

Nunziata aliacha kijiko. "Baiskeli gani?"

"Nunzia! Baiskeli. Ulilia ukacheka, ukalipa malimau yote."

"Nando alikuwa na baiskeli?"

Aniello alimtazama, na rangi ikamtoka. Kwa maana juzi tu alimsikia mkewe akisimulia baiskeli ile mlangoni, neno kwa neno. Akamuuliza habari za jino. Hajui. Za njiwa. Hajui. Za viatu vya padri. Nunziata alishika kichwa kwa mikono miwili akatafuta, akatafuta, akakuta ndani mwake vyumba vitupu vilivyofagiliwa.

"Yule si mwanetu," Aniello alinong'ona. "Tangu aje hajaniita baba hata mara moja. Anakula, Nunzia. Anamla Nando ndani yako."

"Nyamaza, atasikia."

"Mfukuze!"

"Nimfukuze vipi?" alisema Nunziata, na sauti yake ikapasuka. "Kicheko cha mwanangu mimi sikikumbuki tena, Aniello. Kimebaki mle chumbani tu. Nikimfukuza yeye nitakisikia wapi?"

Na mchana huohuo, wakiwa wamekaa vile, mkono kwa mkono, mlango wa chumba ukafunguka wenyewe upana wa kiganja, na ile harufu ya nta na udongo ikatoka ikitambaa sakafuni mpaka miguuni pao, ikapanda kwenye meza, mkate ukaota ukungu mbele ya macho yao, na kutoka gizani mle, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na giza kwa kuwa dirisha lilikuwa la kusini, limeachwa wazi, na jua lilikuwa kali, ikaja sauti ya kijana wao, tamu, yenye haraka ya mtu mwenye njaa, ikisema mama, mama, bado hujaniambia nilipokuwa mchanga, mama, nani alinifundisha kutembea, nieleze, nieleze hiyo.

Nunziata alifungua mdomo ajibu. Aniello akamziba kwa mkono wake mwenyewe, akamburuta mpaka nje, na moja kwa moja mpaka kwa Donna Sisina.

Donna Sisina alikaa kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, akiuza vitunguu saumu na kuwaagua watu waliotupiwa jicho la husuda. Alimimina maji kwenye sahani, akadondosha tone la mafuta. Tone halikusambaa. Lilitambaa mpaka ukingoni, upande wa Nunziata, likatulia.

"Ulimpa jina?" aliuliza bibi.

Nunziata aliinamisha kichwa.

"Mwendawazimu we! Mama yako alikufundisha nini?" Kisha akalegea. "Na yule naye maskini. Amekaa gizani miaka na miaka hajui yeye ni nani, unakuja unampa jina lenye kupendwa hivyo. Ungekuwa wewe ungeliachia? Sasa jina pekee halimshibishi. Anamtaka na aliyekuwa ndani yake. Umebakiwa na nini?"

Nunziata alihesabu kwa vidole. "Nakumbuka nilivyomfundisha kutembea. Na ile siku ya mwavuli."

"Hiyo ya mwavuli hujamwambia?"

"Siwezi, Donna Sisina. Hiyo sijamwambia hata Mungu."

"Basi hiyo ndiyo dawa. Hajui kwamba Nando amekufa, ndiyo maana anang'ang'ania kuwa yeye. Huyu hafukuzwi kwa makelele. Alikuja akifuata mwavuli, ataondoka akifuata mwavuli. Mtembeze kama unavyowatembeza wageni. Msimulie mji, usinyamaze, maana ukinyamaza atakuuliza ya mwanao, na ukijibu umekwisha. Mpitishe kwenye ile kona. Umwambie pale. Na usigeuke nyuma."

"Na vile alivyochukua, atanirudishia?"

Bibi kizee alimshika shavu. "Mwanangu, kilicholiwa kimeliwa."

Kesho yake, saa ileile ya madirisha kufungwa, Nunziata alifungua mwavuli wa manjano ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuna mtu wa Napoli anayelifanya kwa kuogopa mkosi, akasema kwa sauti yake ya kazi, "Haya, nifuate."

Nyuma yake miguu ilishuka ngazi.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Tunakwenda kuuona mji. Tazama barabara hii ilivyonyooka. Wagiriki ndio walioichora." Jua lilikuwa jeupe na mtaa mtupu. Kivuli chake kilikuwa kimoja, ila miguu ilikuwa minne.

"Mama, mimi nilikuwa nachezea wapi?"

"Ukuta huu mweusi ni jiwe la mlima wa moto. Chini yetu kuna visima, mtu angeweza kutembea mji mzima chini kwa chini."

"Mama, nani alinifundisha kutembea?"

Pumzi ya baridi ilimgusa shingoni. Nunziata alisimulia malango, wafalme, waoka mikate waliogoma, watakatifu na miujiza ya damu zao. Alisimulia mpaka koo likakauka. Lile swali likaja tena, na tena, kwa kikwaruzo kilekile, na safari hii likaja na kilio, kilio cha Nando wa miaka miwili aliyeamka akakuta mama hayupo. Ulimi ulimsaliti.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Na hapo hapo alihisi kitu kikimtoka kifuani, kidogo, kama sarafu inayochopoka mfukoni. Hakujua tena alikuwa amesema nini. Alijua tu kwamba kulikuwa na kitu, na kwamba alikuwa analia.

Akafika kwenye kona. Meza za samaki zilikuwa tupu, barafu inayeyuka mtaroni.

"Hapa," alisema Nunziata, na hakusimama kama mtembezaji, alisimama kama mama. "Hapa mwanangu Nando alikufa. Alikuwa ananiletea mwavuli huu. Nilimpigia simu mimi. Walimlaza hapa, kwenye mawe haya, nikamshika mkono mpaka ukapoa. Nando amekufa."

Miguu nyuma ikasimama.

"Mimi ndiye Nando, mama."

"Hapana, baba. Wewe ni mtoto wa mwanamke mwingine. Jina lako silijui. Mama yako alilijua. Nisamehe, nilikudanganya kwa sababu niliumia."

Hakuna kelele zilizopigwa, wala upepo haukuvuma. Palikuwa na kwikwi tu, siyo za Nando tena, za mtu asiye na umri. Walipofika chini ya kanisa, mbele ya lile fuvu, Nunziata alisema maneno anayowaambia wateja wote: "Matembezi yetu yanaishia hapa. Ahsante kwa kutembea nami."

"Na wewe, mama, unaelekea wapi?"

"Nyumbani."

"Nami?"

Ilibaki kidogo sana amwambie tena, nifuate. Kisha akaufunga mwavuli. Mshumaa ukazimika, harufu ikakata, na Nunziata akapanda ngazi bila kugeuka.

Nyumba ikatulia. Mkate hauoti ukungu, sanamu za Noeli zinatazama mbele. Wateja wakiagiza kahawa wanaagiza mbili. Majirani wanasema Donna Sisina kafanya kazi nzuri, na ni kweli.

Ila Jumapili, baada ya chakula, mji ukilala, utamwona Aniello, yule asiyejua kuongea, anatembea polepole na mkewe, mwavuli wa manjano umefungwa kwapani. Anasimama mahali, anakohoa, anaanza.

"Hapa ndipo alipoingia na baiskeli. Ilikuwa nyekundu."

"Aliumia?" anauliza Nunziata.

"Goti kidogo. Ulimpuliza."

Nunziata anasikiliza kwa adabu, macho makubwa, kama wageni wanavyosikiliza habari za wafalme. Kona ya samaki pekee ndiyo asiyohitaji kuelezwa. Wanapofika uani kwao, penye kisima, Aniello husimama mara ya mwisho.

"Na hapa ndipo alipotembea siku ya kwanza. Kutoka kisimani mpaka mlangoni."

"Peke yake?"

"Hapana. Alishikwa mkono."

"Na nani?" anauliza Nunziata.