Kitufe cha Nukta

Kila siku baada ya masomo, Mwanarusi alichukua ufunguo kwa Mwalimu Ogutu, akafungua chumba cha kompyuta na kupangusa vumbi. Mwaka ule wa 1997 shule yao ya Kuze ilikuwa na kompyuta moja tu, na katika darasa la saba zima ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kuigusa. Alijivunia jambo hilo, tena si kidogo.

Wiki ya mbio za mchujo, Mwalimu alimpa karatasi yenye muda wa wakimbiaji sitini. "Uingize kama ulivyo," alimwambia. "Kompyuta itawapanga. Wa kwanza katika kila mbio ndiye atakayetuwakilisha."

Shida ilikuwa kitufe cha nukta. Kilikuwa kigumu, hakishuki mpaka ukikandamize mara tatu. Alipofika jina la kumi uvivu ukamwingia, akaamua kukadiria kwa sekunde nzima kama walivyofunzwa katika hesabu: nusu au zaidi unapanda, chini ya nusu unashuka. Kazi ikaisha upesi. Mwalimu alipomuuliza kama ameuingiza ulivyo, akajibu ndiyo.

Ijumaa matokeo yakabandikwa. Mita mia mbili, wasichana: Mejumaa 29, Mirriam 29. Wawili hao walikimbia siku tofauti, kila mmoja akashinda kundi lake, kwa hiyo hakuna aliyejua nani zaidi. Muda ukilingana, kompyuta ile ilipanga majina kwa alfabeti. Mejumaa akawa wa kwanza.

Mirriam, ambaye mamake aliuza mboga Marikiti, alimfuata Mwanarusi mlangoni. "Wewe ndiye uliyeandika. Kweli tumelingana?"

"Ndivyo ilivyotoka," alijibu Mwanarusi, macho chini.

Mirriam alipoondoka, akaifunua ile karatasi. Mirriam, 28.6. Mejumaa, 29.4.

Angesemaje? Mejumaa alikuwa binamu yake, wakilala kitanda kimoja. Akisema, atamnyang'anya binamu nafasi, na kazi ya kompyuta ataisahau. Asiposema, Mirriam ameibiwa. Alipofika nyumbani alimkuta shangazi Mwanakuu, mamake Mejumaa, ameshakaanga kaimati za kuwagawia majirani.

"Mbona huli, mwanangu? Hufurahi nduguyo kushinda?"

"Nafurahi, shangazi."

Jumamosi na Jumapili alitafuta pa kujificha asipaone, maana kila kichochoro walichopita watu walimwita Mejumaa kumpa hongera, naye Mwanarusi akasimama pembeni akitabasamu kwa nguvu. Alijiona amefungwa, na aliyemfunga ni yeye mwenyewe. Jumatatu asubuhi orodha ingepelekwa ofisi ya elimu.

Jumatatu hiyo, kabla ya kengele, alimkuta Mwalimu Ogutu akiitia orodha ndani ya bahasha.

"Mwalimu, nilikudanganya," alisema, akaiweka karatasi mezani na kueleza yote.

Mwalimu aliisoma yote. Akamwambia aingize upya muda wote sitini mbele yake, kisha akawaita wale wasichana wawili. "Waambie wewe mwenyewe."

Mwanarusi akawaambia. Mirriam alishika mdomo, machozi yakamtoka.

"Kushindwa nitazoea," alisema Mejumaa polepole. "Lakini siku tatu umeniona napongezwa mtaa mzima, ukanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma."

Walipotoka, Mwalimu alinyoosha mkono. Mwanarusi akampa ufunguo.

"Kompyuta haikukosea," alisema Mwalimu. "Ilipanga ulichoipa. Wewe uliona ni visehemu tu vya sekunde, lakini Mirriam amefanya mazoezi miezi mitatu ili avipate. Ukikabidhiwa jasho la mtu, usilipunguze hata chembe kwa sababu umechoka. Na ukikosea, sema siku ile ile. Ungeniambia Ijumaa, tungerekebisha nambari tu. Leo kuna nambari, na kuna Mejumaa. Nambari tumezirekebisha. Mejumaa utakwenda kumwomba radhi mwenyewe, na hapo mimi siwezi kukusaidia."