Anayeitika Tumboni

Daktari wa skani aliigonga mashine ubavuni kwa kiganja, vile watu hugonga redio iliyokwama.

"Interference," akasema. "Pengine kuna fundi wa welding huko chini."

Wawira alikuwa amelala chali, tumbo limepakwa jeli baridi, masikio yote kwa spika. Moyo wa mtoto ulikuwa unakimbia vizuri, mwepesi, wa haraka. Lakini chini ya moyo kulikuwa na sauti nyingine, ya polepole, krrr... krrr..., jiwe likisugua jiwe. Na huko chini hakukuwa na fundi wa welding. Kulikuwa na duka la mitumba, na mwenye duka walimpita akiwa amelala juu ya mzigo wa masweta, mdomo wazi.

"Ni boy ama ni girl?" Ndwiga, mumewe, akauliza tena.

"Boss, tulia. Hii mimba ni high-risk, lazima niangalie damu inavyopita kwa kitovu kwanza." Daktari akakunja uso mbele ya kioo. "Flow iko chini kidogo, but iko. Haya. Ni msichana."

Sasa, kwa watu wa Embu msichana wa kwanza si fumbo. Jina lake lipo kabla wazazi wake hawajajuana: ni jina la mama ya baba yake. Lakini jina hilo hungoja. Mtoto atoke kwanza, alie, wanawake wapige vigelegele, ndipo aitwe. Hakuna cucu, hakuna nyanya, aliyewahi kukataza mtu kuita mapema, kwa sababu nani angejua aliye ndani ni nani? Ni hizi mashine zilizokuja na mdomo wao.

Ndwiga aliruka kutoka kwa kiti, akainama mpaka midomo ikagusa jeli.

"Maitu! Wanjira wa Mbogo! Kumbe ni wewe, mama? Karibu nyumbani!"

Moyo kwenye spika ukakatika. Ulikatika muda wa mtu kuvuta pumzi na kusahau kuitoa. Halafu ukarudi, lakini si ule. Huu ulikuwa mzito, wa taratibu, unafuatana na lile jiwe hatua kwa hatua.

"Umeona?" daktari akasema, akipangusa tumbo kwa tishu. "Imejirekebisha."

Wanjira, mama yake Ndwiga, walikuwa wamemzika kwa mvua ya Aprili.

Wawira hakuwa mtu wa kuogopa mambo ya mizimu na majini. Alikuwa na digrii ya biokemia, ipo mpaka leo, imefungwa kwa plastiki ndani ya sanduku pamoja na glasi za harusi. Serikali ilimwambia asome sayansi, akasoma. Alipomaliza serikali ikamwambia ajiajiri, kwa hivyo alijiajiri kuchuma muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, kwa shamba la mume wake nje kidogo ya Runyenjes na kubishana bei na mabroka wenye matumbo makubwa na akili za mbuzi. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, mtoto akifia tumboni, na kila mara sababu ilikuwa moja: presha. Presha aliielewa. Angeweza kukuchorea kondo la nyuma lote na mishipa yake.

Aliyekataa kuelewa ni Wanjira. Alikuwa akikaa kwa mlango wa jikoni akisaga ugoro kwa jiwe lake, na Wawira akipita na ndoo, mama mkwe anasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "Tumbo limejaa vitabu. Mtoto atakaa wapi?"

"Angekaa vizuri," Wawira anajibu, "kama nyanya yake angeacha kumpigia chafya."

Walichukiana kwa bidii, kila mtu akifanya sehemu yake. Siku ya mazishi Wawira alitupa udongo wake kaburini, akasikia mabega yamekuwa mepesi, na hakuona haya.

Baada ya skani, sister wa kliniki alimpa dawa na masharti. "Mama, lala ubavu wa kushoto. Chumvi wachana nayo. Na kila siku baada ya lunch unakaa chini, unasikiliza vile mtoto anacheza. Asipocheza unakuja mbio, usingoje mzee atoke kazini." Kliniki ndiyo mahali pekee duniani ambapo Wawira aliitwa mama.

Basi kila mchana akawa analala, dirisha wazi, mkono juu ya tumbo. Kimya. Akanywa chai ya sukari nyingi. Kimya. Akanywa maji baridi, akajitikisa, akaimba. Kimya kama gunia. Halafu pikipiki ya Ndwiga inaingia, anavua helmeti, anapiga magoti kando ya kitanda. "Maitu, umeshinda aje?" Na tumbo linainuka upande mmoja, polepole, jinsi mzee anavyojigeuza kitandani kumwangalia mgeni. Saa hiyo hiyo maumivu yanaingia nyuma ya macho ya Wawira, na chumba kinanuka ugoro mpaka anapiga chafya.

"Usimwite hivyo."

"Si ndiyo jina lake?"

"Mwite mtoto."

Ndwiga akacheka. "We si ndio msomi wa hii nyumba? Ama umeanza kuogopa mashetani?"

"Presha inapanda ukimwita."

"Inapanda kwa vile humtaki. Hata amekufa na bado mnakosana."

Wawira akafanya kile alichofunzwa. Aliazima mashine ya presha kwa duka la dawa, akamwomba Ndwiga anyamaze siku nzima. Presha ikashuka, mtoto hakucheza hata kidogo. Kesho yake akamwacha aite. Tumbo likacheza kama ngoma ya harusi, na presha ikapanda hadi masikio yake yakavuma. Akarudia tena, na tena. Ilikuwa data safi kuliko yoyote aliyowahi kukusanya chuoni, na ilisema hivi: mama huyo akiitwa, Wawira atakufa, asipoitwa, hakuna moyo tumboni.

Ndipo akamwita Teresia, jirani, mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa kijiji kabla zahanati haijajengwa, na ambaye Jumapili huongoza rozari. Teresia alimshika tumbo, akanusa hewa, akautoa mkono haraka na kuufuta kwa leso.

"Mumeo alimwita mama yake?"

"Kwa skani."

"Akiwa bado ndani! Wanaume." Akashusha sauti, akaangalia mlango. "Mwanangu, huyu hajazaliwa na hajaondoka. Amekaa mlangoni. Mtoto wako yuko nyuma yake."

"Ni mtoto wangu anayepiga teke?"

"Si yeye."

Wawira akamshika Teresia mkono. "Wangu yuko hai?"

"Amejikunyata tu. Hana jina, atajuaje ni yeye anaitwa?" Teresia akamkaribia sikioni. "Zamani nyumba ikizika watoto, anayefuata tulimwita Mbiti. Fisi. Mfu gani atang'ang'ania kuwa fisi? Mwite hivyo. Lakini wewe pekee hutoshi. Aliyefungua mlango ndiye aufunge. Ndwiga amwambie mama yake hapana."

Ndwiga alipoambiwa aliinuka kutoka mezani na sahani yake.

"Nimwambie mamangu hapana? Nimwite binti yangu fisi? Teresia arudi kwa rozari yake, tafadhali."

Kwa hivyo Wawira aliita peke yake. Kila mchana, mikono juu ya tumbo, akijiona mjinga: "Mbiti. Mbiti wangu, uko?" Hakuna aliyejibu. Aliyejibu ni jiwe. Krrr, krrr, sasa bila mashine, sasa chini ya mbavu zake mwenyewe, akiwa anachambua mboga, akiwa anaanika nguo kwenye jua la saa sita, na kila liliposugua alihisi kitu kinasagika ndani yake kuwa unga, mpaka mchana mmoja nyota zikaanza kuruka mbele ya macho yake, ukuta ukapinda, miguu iliyovimba kama magunia ikakataa kumbeba, maumivu yakamshika hapo juu ya tumbo kama mkono uliokunjwa, na akamsikia Ndwiga akimwita kutoka mbali sana, akimwita yeye, kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, kwa jina lake mwenyewe.

Hospitalini walimkimbiza kwa machela, sindano mkono huu, dripu mkono ule. Nesi kijana, mpole, akapitisha kipimo cha moyo tumboni. Upande wa kulia, kushoto, chini ya kitovu. Ilitoka sauti ya upepo tu. Akaongeza volume. Upepo.

"Baba," nesi akasema, akijaribu kutabasamu, "ongea na mtoto. Anajua sauti yako. Wengine huamka."

Hakujua alichosema. Wawira akamshika Ndwiga jaketi, akamvuta mpaka nyuso zao zikagusana.

"Mwite Mbiti. Ndwiga. Sijawahi kukuomba kitu, leo nakuomba. Mwambie yule atoke, mwite mtoto wangu."

"Wawira..."

"Yuko hapo nyuma. Anangoja."

Ndwiga aliangalia ile mashine. Watoto wawili alikuwa amewachimbia kaburi mwenyewe, chini ya migomba, jembe mkononi na hakuna mtu wa kumsaidia. Hakuwa mtu mbaya, Ndwiga. Alitaka tu kusikia moyo, moyo wowote.

"Maitu," akasema.

Na moyo ukaja, mzito, wa taratibu, ukajaza chumba chote.

"Tuko na heartbeat!" nesi akapiga kelele. "Theatre, haraka!"

Wawira aliamka jua likiwa kitandani. Presha imeshuka, wakamwambia. Mtoto mdogo lakini mzima, Mungu ni mwema. Ndwiga alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nesi akamleta mtoto amefunikwa blanketi, akamweka kifuani. Mtoto hakulia. Aliliangalia titi, akamwangalia Wawira usoni, akafunga mdomo na kugeuka, kama mtu aliyepewa chakula na mkono asiouamini.

"Ako na macho ya watu wazima, huyu," nesi akacheka. "Anaitwa nani?"

"Wanjira," Ndwiga akasema.

Kichwa kidogo kikageuka taratibu mpaka kikampata. Wodi nzima ikasema aaa.

"Mnaona? Anajijua!"

Walipomtoa kwenda kupimwa uzito, na Ndwiga nyuma yao akipiga simu kwa ukoo mzima, Wawira alibaki na pazia jeupe na tumbo lililolegea chini ya bandeji. Aliweka kiganja juu ya mahali ambapo hapaumi sana. Hakujua kwa nini. Akaita kwa sauti ndogo.

"Mbiti?"

Ndani kabisa, chini ya nyuzi, kitu kidogo kikagonga. Mara moja. Kwa woga, kama mtoto asiyejua kama nyumba ina watu.

"Mbiti wangu!"

Kikagonga tena, karibu zaidi.

"Sister! Sister, niitie daktari! Kuna mwingine, hamkumtoa!"

Nesi alikuja mbio, akamlaza, akamfunika vizuri, akampapasa bega. "Shhh, mama. Hiyo ni gesi tu, huwapata wengi baada ya operesheni. Tuliangalia kila pembe na tukashona. Humo ndani hakuna kitu."

Na ndani yake kikaanza kugonga haraka haraka, bila kupumzika, kama mtu aliyesikia kufuli ikifungwa kutoka nje.