Meno Yaliyopiga Hodi

Uzi wa nyama ulikuwa umenasa kati ya magego ya mama mkwe, na nyumba ile haikuwa imepika nyama tangu wiki iliyopita. Mke wa mwanawe, ambaye kwa kupenda usafi watu walimbandika jina la Bi Sabuni, aliyageuza yale meno ya bandia kiganjani, akajiuliza kama macho yake ni mazima. Jana jioni aliyasafisha mwenyewe. Alitandika taulo ndani ya beseni, akajaza maji baridi, maana ya moto huyapinda, akayasugua kwa mswaki laini ndani na nje. Taulo lilikuwa fundisho la siku aliyoyaangusha kwenye sinki, jino moja la mbele likamegeka. Mama mkwe hakuacha kumkumbusha.

Kisha aliyatia kwenye kikombe cha maji chenye kifuniko, na mama mkwe, kinywa kitupu, akamwambia kama kawaida, "Shahwi, mwananu." Alitaka kusema "Safi, mwanangu", ila ufizi mtupu hauziwezi herufi hizo. Ulikuwa utani wao wa kila jioni.

"Mama, ulikula nyama usiku?" aliuliza Bi Sabuni akimrudishia meno yake.

Mama mkwe aliyapachika kwanza. "Kwa meno gani, na wewe uliyafungia jikoni?" Akamkazia macho. "Au uliyavaa wewe?"

Bi Sabuni aliangua kicheko. Mwenzake hakucheka.

Siku mbili baadaye mche wa sabuni ulikutwa umeng'atwa. Mama mkwe alimpelekea mwanawe, fundi saa, akauweka juu ya meza yake katikati ya vijigurudumu. "Mkeo ananichezea. Ama atoke yeye humu, ama nitoke mimi."

Fundi saa aliutazama mche, akamtazama mkewe, akanyamaza. Kule kunyamaza kulimchoma Bi Sabuni kuliko tusi. Naye hakuwa malaika: tangu siku ile alimvizia mama mkwe kwenye upenyo wa mlango, akiamini kikongwe yule anajing'atia vitu makusudi ili apate sababu ya kumtimua.

Alfajiri moja fundi saa aliruka kitandani akipiga yowe, ameshika bega.

"Umeniuma!"

"Mimi? Hebu washa taa." Bi Sabuni alilitazama jeraha, kisha akaachama mbele ya mumewe. "Hesabu meno. Yangu yote yapo. Hii alama ina pengo mbele, kushoto."

Waliangaliana. Pengo lile wote walilijua.

Walinyata hadi kwa mama, wakamkuta amelala fofofo, kinywa wazi na kitupu, basi wakaendelea jikoni wameshikana mikono, na huko harufu ya nywele zilizoungua ikawapokea mlangoni ingawa jiko lilikuwa baridi tangu jana, na ndani ya kikombe kilichofunikwa meno yalikuwa yakigongana ko, ko, ko, yakatulia kidogo, yakagonga tena ko, ko, ko, kwa adabu, kama mgeni anayejua kuwa wenyewe wamo ndani.

"Mume wangu," Bi Sabuni alinong'ona, "mlio huu naujua. Wiki iliyopita nilikuwa nakoroga uji, nikasikia hodi nyuma yangu. Nikasema karibu. Nilipokwenda mlangoni, hapakuwa na mtu."

Mchana wake aliletwa mganga, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alikinusa kikombe, akauliza swali moja tu: "Nani alimkaribisha?"

"Mimi," alisema Bi Sabuni kwa aibu.

"Basi huyu hafukuzwi. Jini uliyemkaribisha ana haki ya mgeni. Utamuaga wewe mwenyewe, na wengine mfunge midomo mpaka avuke kizingiti."

Bi Sabuni alikibeba kikombe hadi mlango wa mbele, maji yakimwagikia vidole. "Kwaheri, mgeni," alisema. "Umekaa vya kutosha. Nenda salama." Maji yalichemka pasipo moto, na ile harufu ikampitia shavuni ikielekea nje. Mganga alishusha pumzi, akachukua mkoba wake.

Mama mkwe alikuwa kitandani, chumba cha pili, asilisikie agizo la mganga. Maisha yake yote hakuwahi kumwacha mgeni aondoke kikavu. Aliposikia kwaheri na nyayo, alipaza sauti kwa ukarimu wake wote:

"Kalibu tena!"

Mganga alisimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Mama, umemwambia nani?"

"Wewe, bibie. Kwani kuna mwingine?"

Mganga aliutazama ua mtupu, kisha akaenda zake.

Jioni ile nyumba ilikuwa na furaha. Mama mkwe alimshika Bi Sabuni mkono, akamwomba radhi kwa kumshuku bure, na fundi saa akamwomba radhi kwa kunyamaza. Bi Sabuni alilia kidogo, akaenda jikoni kuendelea na kazi yake. Alitandika taulo, akajaza maji baridi, akasugua taratibu hata kaakaa likang'aa. Aliyainua meno yote, ya juu na ya chini, yakichuruzika maji kiganjani mwake.

"Safi, mwanangu," ilisema sauti ya mama mkwe kutoka chumbani, kila herufi mahali pake.