Jina la Flavia

Kila Jumamosi asubuhi Flavia alimsaidia bibi yake, Apolinaria, kutwanga mtama uani kwao Ng'ambo, mjini Tabora. Jumamosi moja ya mwaka 1951, mchi ulimponyoka mara mbili.

“Mjukuu wangu, una nini leo?”

Flavia aliangua kilio. Mwalimu Justus alikuwa amewaagiza wanafunzi waeleze asili ya koo zao. Mwenzake darasani, Kornel Mayala, alimcheka: “Ukoo wa Flavia umeota wenyewe kama uyoga!” Kwa hasira, Flavia alijibu kwamba babu wa ukoo wao aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Jumatatu alitakiwa kuyarudia hayo mbele ya darasa.

“Njia ya mwongo ni fupi,” Bibi alisema kwa upole. “Lakini ukweli hata mimi siujui. Mama yangu, Bernadeta, hakusimulia utoto wake. Aliniusia neno moja tu: nikipata mjukuu wa kike, nimwite Flavia. Twende misheni tukaulize.”

Padre Dionis alifungua kitabu cha zamani cha ubatizo, akapitisha kidole juu ya wino uliopauka. “Huyu hapa. ‘Bernadeta, msichana mdogo. Alikombolewa utumwani, katika msafara uliopita kijiji cha Tura. Wazazi hawajulikani. Mama wa ubatizo: Flavia, mke wa Mayala, aliyempokea nyumbani kwake akamlea.’”

Bibi alishika ukingo wa meza. “Maskini mama yangu! Kumbe hakukosa mtu wa kumwita mama.”

“Mayala huyo ndiye babu wa baba yake Kornel,” padre aliongeza.

Njiani Flavia alinong'ona, “Watanicheka, Bibi.”

“Na wacheke. Bernadeta wetu tusimfiche tena.”

Jumatatu Flavia alisimama mbele ya darasa. “Nilidanganya,” alianza, kisha akasimulia yote.

Kornel aliinuka polepole. “Flavia huyo aliyemlea Bernadeta ni mama wa babu yangu. Basi huyu amebeba jina la bibi yetu!” Kwao, aliyebeba jina la mzee huheshimiwa kama mzee. Kornel akainamisha kichwa. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu,” Flavia alijibu. “Usirudie kuwaita wazee wako uyoga.”

Darasa zima liliangua kicheko, Kornel akiwa wa kwanza.

Mwalimu Justus alingoja watulie. “Flavia, uongo ulikupa babu asiyekujua,” alisema. “Ukweli umekupa ndugu anayekuamkia.”