Mzabibu wa Marehemu Rahimu

Kila asubuhi Salha alifagia uwanja wake hapo Kikuyu mpaka udongo ukabaki mtupu. Mama mkwe wake alimfundisha kwamba mwanamke hujulikana kwa uwanja wake. Majani makavu aliyakusanya akayachoma. Chini ya mzabibu alifagia kwa bidii zaidi, maana aliupanda marehemu mumewe, Rahimu.

Lakini mzabibu ulikuwa unakufa. Salha aliumwagilia ndoo nzima, na kabla ya adhuhuri udongo ulikuwa mkavu, umepasuka. Roho ilimuuma kama anafiwa mara ya pili. Muuza miche alimwambia aweke malchi. Akazunguka maduka ya pembejeo akiulizia, asiipate.

Siku moja moshi ulimleta jirani yake Yasinta, mtumishi wa wizara aliyekulia shambani Kibakwe.

"Hodi, mama Shamila! Unachoma nini tena?"

"Takataka tu. Karibu. Hivi mama Denis, malchi inauzwa wapi?"

Yasinta alitazama moto, akatazama mzabibu. Hakucheka.

"Ndiyo hiyo unayoichoma."

"Majani haya?"

"Malchi ni Kiingereza. Kwetu ni matandazo. Majani makavu, nyasi, pumba za mpunga, chochote cha namna hiyo cha kufunika udongo. Jua halipigi udongo, maji yanakaa. Majani yakioza, yanakuwa mbolea."

Salha akakaa chini. "Kwa hiyo nimeuua mwenyewe, kwa ufagio?"

"Haujafa wote. Lete maji."

Walimwagilia kwanza, kisha wakatandaza majani unene wa kiganja.

"Usiyabananishe na shina, litaoza," alisema Yasinta. "Na uwe unafunua uangalie mchwa."

Ijumaa mama mkwe alifika. Akayaona majani, akasonya.

"Mwanangu kafa, na wewe umeacha kufagia?"

"Shikamoo, mama. Nafagia. Hapo tu ndipo sifagii." Salha alimweleza yote, lakini bibi aliondoka bila kunywa chai.

Upande mmoja wa mzabibu haukurudi, Salha na Yasinta wakaukata. Upande wa pili ulichipua. Msimu uliofuata ulizaa kichala kimoja, na Salha akampelekea mama mkwe.

Bibi alitia zabibu moja mdomoni. Alitafuna polepole, machozi yakamtoka.

"Rahimu hakuionja," alisema.

Kisha bibi akanyoosha kidole uwanjani kwake, penye lundo la majani aliyoyafagia asubuhi bila kuyachoma.

"Chukua yale," alisema. "Kaufunike."