Mashemeji na Siwa ya Bunge la Zamani

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha fundi cherehani. Komba alipanga vifungo juu ya meza ya kupigia pasi.

"Hiki mlango. Hiki meza ya Spika. Hapa siwa."

Siwa ni lile rungu la dhahabu lililokuwa likimtangulia Spika, enzi jengo lile lilipokuwa bunge. Sasa bunge limehama na jengo ni makumbusho ya taifa.

"Saa saba walinzi wanakula. Ukumbi unafungwa saa nzima. Shemeji, wewe utabaki humo, chini ya viti."

Shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja, walimwita Bisibisi. Hakuna skrubu iliyowahi kumshinda.

"Jioni namtoa mke wodi ya wazazi," alisema. "Hana mtu mwingine."

"Utamtoa. Mimi si ndiye mjomba mtu?"

"Mtoto kafanana na nani?" aliuliza Tairi, dereva.

"Na mama yake."

"Kaponea chupuchupu."

Saa saba na robo.

Ukumbi ulinuka nta na ngozi kuukuu. Bisibisi alitoka chini ya viti, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alifungua skrubu nne za sanduku la kioo. Siwa ilikuwa ndefu, haikuenea kwenye jora la kitambaa walilokuja nalo. Akazungusha kichwa cha siwa, kikatoka kama kifuniko cha chupa ya chai. Akakitia mkobani. Fimbo akaiviringisha kwenye jora, akagonga mlango.

Mlango ule hufunguliwa kwa nje tu. Ulitengenezwa hivyo ili wabunge wasichomoke wakati wa kura. Komba, ndani ya koti la mlinzi, aliufungua kidogo, akauzuia kwa bega.

"Lete mzigo kwanza."

Akampa. Bega likaondoka. Mlango ukajifunga kwa uzito wake.

"Komba."

"Tulia, shemeji." Sauti ilipita tundu la ufunguo. "Wakipata mmoja hawatahangaika na wengine. Mtoto nitamlea mimi."

"Utamlea kwa fimbo tupu? Kichwa ninacho mimi."

Nje, kitambaa kikakunjuliwa. Tusi.

Komba aliingia, bastola mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Jora alilibwaga mlangoni ili liuzuie. Bisibisi akarudi nyuma mpaka kiti cha Spika, Komba akamfuata. Nyuma yao mlango ulilisukuma jora taratibu, kama mtu anavyomsukuma paka kwa mguu. Ukafunga.

Komba akapiga simu.

"Tairi, njoo utufungulie."

"Walinzi wameshamaliza kula na kunawa mikono, kaka. Mimi nishaondoka."

Saa nane kasoro.

Sauti za wageni koridoni.

"Nipe fimbo," Bisibisi alisema. "Ikirudi mahali pake, sisi ni wageni tuliosahauliwa ndani. Bastola na hilo koti la mlinzi visukumie chini ya viti."

"Miaka mitatu naiwinda hii."

"Dada yako amekaa kwenye benchi la wodi na mtoto mapajani. Nipe."

Komba akaitoa. Bisibisi akazungusha kichwa mpaka kikakaza. Siwa ikawa nzima, ikang'aa. Komba akaiona, na mkono wake ukaishika tena.

"Achia."

"Siwezi."

Mlango ulifunguliwa. Mwongoza wageni aliingia kinyumenyume, akieleza. Wageni wakaacha kumsikiliza, naye akageuka.

"Mjomba mtu," Bisibisi alinong'ona, "achia."

Komba hakuachia. Mlinzi aliyekuwa ameushikilia mlango akawarudisha wageni wote koridoni, wa mwisho akamshika bega kwa upole. Kisha akaondoa mkono wake mlangoni, nao ukajifunga kwa uzito wake.